Kura Saba Dhidi ya Saratani

Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Julai 1996, saratani ilikoma Songea mjini. Tangazo lilitolewa kwa kipaza sauti juu ya Land Rover, likarudiwa mara mbili ili hata saratani yenyewe isikie.

Kamati ya Chai ya Kijani ilikuwa imekaa kutwa nzima. Mezani palikuwa na katoni ya chai iliyoingia na soko huria, na ndani yake karatasi iliyosema panya walionyweshwa chai hiyo uvimbe wao ulipungua. Kamati ilisikitika kuona wananchi wameachwa nyuma na panya. Ikapiga kura. Saba kwa sifuri: chai ya kijani inazuia saratani.

Mwanne, muuza chai wa mtaa wa Lizaboni, aliletewa habari hiyo na mwenyekiti mwenyewe, Bwana Kajetani, aliyesimama mbele ya banda lake akilitazama sufuria la chai ya rangi kama anatazama jipu.

"Mama, una siku tatu. Chai ya kijani, bila sukari. La sivyo banda linavunjwa."

"Mheshimiwa, wateja wangu wanabeba magunia ya mahindi toka alfajiri. Nikiwapa chai haina sukari si watanimwagia usoni?"

"Suala limepita kwa kauli moja."

"Haya. Na saratani nayo ilipiga kura?"

Wapagazi walicheka hadi mmoja akapaliwa na andazi. Mwanne hakucheka. Banda lile ndilo lililomlisha yeye na wanawe wanne tangu atoke Tunduru. Likivunjwa, hana pengine.

Akaenda kwa daktari, akarudi na barua: "Kwa panya na kwenye chupa za maabara kuna dalili. Kwa watu, utafiti mmoja unaona nafuu, mwingine hauoni kitu. Ili kujua, wafuatiliwe wanaoinywa na wasioinywa, kwa miaka mingi. Mwenye uvimbe aje hospitali mapema, asingoje chai." Mwanne aliipeleka ofisini, hakuondoka mpaka ikagongwa mhuri wa kupokelewa.

Barua yenye mhuri haitupwi. Kamati ikatangaza Utafiti, kwa kanuni sita alizoziandika mwenyekiti. Kwa kuwa mama huyo ndiye aliyeleta hoja, Utafiti ufanyike bandani kwake, na banda lisiguswe hadi majibu yatoke, yaani miaka kumi na mitano. Kundi la kwanza linywe chai ya kijani vikombe nane kwa siku, bila sukari. La pili linywe chai ya kawaida. Kujiandikisha ni hiari. Nafasi zikikosa watu, zijazwe na wajumbe wa Kamati. Mshiriki haruhusiwi kuhama.

Wapagazi walilijaza kundi la pili kabla ya saa mbili asubuhi. La kwanza halikupata hata mlevi. Wajumbe saba wakakaa kwenye benchi.

Mwezi ulipotimia tu, uhamisho wa Kajetani kwenda Dar es Salaam ukafika, ule alioulilia miaka sita. Katibu wake, Sixbert, aliujibu papo hapo: "Mtajwa hawezi kuhama. Ndiye ushahidi wenyewe."

Kajetani alisomea nakala bandani, akamgeukia katibu wake.

"Sixbert, ndugu yangu, umeniua."

"Kanuni ya sita, mwenyekiti. Na mimi nipo humu humu."

Mwanne akamjazia kikombe.

"Imebaki miaka kumi na minne na miezi kumi na moja, mheshimiwa. Kunywa kingali cha moto."