Kutu ya Kusingizia

Jumapili, 8 Agosti 2021

Ibada ndefu. Mgongo wauma tangu nilipolala chini ya gari jana. Mwishoni, tangazo: maonyesho ya magari ya misuli, yale ya zamani yenye injini kubwa, ni Jumamosi, uwanjani nyuma ya kanisa, na mwaka huu kuna kundi jipya, Magari Yasiyoguswa. Yaani yaliyobaki vilevile yalivyotoka kiwandani, na mikwaruzo yake na vumbi lake. Langu nimeligusa kila mahali.

Shemasi Virgil, jirani yangu, akanigeukia palepale kwenye benchi. Akaninong'oneza kwamba Pontiac yangu imebeba rangi nyingi kuliko chuma, ikigongwa itapasuka kama yai. Ndani ya nyumba ya Bwana! Yeye hushinda kila mwaka kundi la magari yaliyofanywa upya. Mimi huambulia kipande cha pai.

Marlys, mke wangu, ametoa neno lake la mwisho. Mama yake anahamia kwetu na gereji ndiyo itakuwa chumba chake. Gari likipata utepe wa ushindi, utepe wowote, atakubali nilijengee banda uani. Likikosa, linaenda kwa Virgil, ambaye ameliomba siku nyingi.

Kwa Virgil! Atalipaka zambarau. Ameshasema.

Nililinunua mwaka aliofariki baba. Maisha yake yote baba alifunga milango ya magari haya kule kiwandani Pontiac, na hakuwahi kumiliki hata moja. Haliendi kwa Virgil. Ee Bwana, simama nami.

Jumatatu, 9 Agosti

Usingizi haukuja. Nikayawaza mahubiri ya jana. Mchungaji alisoma habari za makaburi yaliyopakwa chokaa, nje yanapendeza, ndani mifupa mitupu. Nilidhani anawasema Mafarisayo. Kumbe alikuwa anasema habari za rangi! Ishara gani tena naitaka? Gari linalong'aa ni unafiki. Gari lenye kutu ni unyenyekevu. Basi nitalinyenyekeza langu, niliingize kundi la Yasiyoguswa.

Je, ni uongo? Nimelipeleka jambo hili kwenye maombi. Gari halisemi. Nami sitasema. Asiyesema hajadanganya mtu.

Nimeanza na msasa. Rangi iliyonichukua majira mawili ya baridi kuipaka imetoka kabla ya chakula cha mchana. Nimelia kidogo. Nimesingizia vumbi.

Jumatano, 11 Agosti

Bampa limekataa kuota kutu. Nimelipaka siki na chumvi, nimeliombea, wapi! Linameta kama jino la dhahabu. Lakini jeki niliyoisahau pembeni imeota kutu usiku mmoja. Dunia haina haki.

Marlys kauliza siki yake ya kutilia matango imekwenda wapi. Nimemjibu kwamba mambo mengine ni kati ya mtu na Mungu wake. Kanijibu kwamba matango si ya Mungu, ni ya mama yake.

Jioni nilichukua mfuko wa mashine ya kufagilia zulia nikaumwaga wote juu ya viti. Vumbi safi, la miaka. Bahati mbaya na manyoya ya mbwa, na kibanio cha Marlys. Nilipiga chafya hadi Virgil akachungulia juu ya ua. Kauliza ninafanya nini. Nikamwambia nasafisha.

"Unasafisha kwa vumbi? Ndugu Lyle, mkeo anajua?"

Nimejifanya sikusikia. Viungo vimechoka, hata ulimi wa kujibu matusi.

Ijumaa, 13 Agosti

Sasa lililo kubwa. Zamani wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wakiandika ndani ya boneti kwa krayoni ya nta: huyu amekagua, yule amepitisha, tarehe fulani. Waamuzi wanazipenda alama hizo kuliko injini yenyewe. Wanapiga magoti mbele yake. Langu halina hata moja, maana nilizifunika kwa rangi mwenyewe, kwa ujinga wangu.

Basi nimeziandika upya. Nimetumia mkono wa kushoto, zifanane na za mtu mwenye haraka. Tarehe? Magari ya mwaka 1971, kama langu, yalianza kuundwa mwaka uliotangulia, kwa hiyo nimeweka 6 Oktoba 1970. Ndiyo siku niliyozaliwa, nikiulizwa ghafla sitababaika. Nimehakikisha kwenye kalenda: Jumanne, siku ya kazi. Mtu akijipanga, hushindwa vipi?

Chini yake nimeandika herufi za jina la baba.

Jumamosi, 14 Agosti

Niandike upesi nilale.

Asubuhi ilikwenda vizuri hadi nikaogopa. Mwamuzi aliliona vumbi, akaguna kwa heshima. Akauona mkwaruzo wa msasa, akauita machozi ya wakati. Nikatazama chini kama mtu mnyenyekevu. Akafungua boneti, akapiga magoti. Kweli, akapiga magoti! Virgil akaacha kutafuna.

Mwamuzi akasoma kwa sauti: tarehe sita Oktoba, elfu moja mia tisa sabini.

Bi Wilma, mjane mkongwe wa kanisani kwetu, alikuwa anapita na pai yake ya cheri. Akasimama.

"Oktoba gani? Mwezi huo haikufungwa hata skrubu! Ulikuwa mgomo, mwanangu. Mume wangu alikuwa langoni mwa kiwanda anaota moto wa pipa."

Basi wazee wakaamka. Mmoja akasema siku hizo alikuwa anakula supu ya chama cha wafanyakazi mpaka akaichukia hadi leo. Mwingine kasema ndevu zake ziliungua kwenye hilohilo pipa. Walicheka, wakashikana mabega. Virgil akapaza sauti: "Haleluya! Gari lililojiunda lenyewe!" Hata mchungaji alijificha nyuma ya sahani.

Mimi nilikuwa naitazama tarehe ile. Mama alinisimulia kila mwaka kwamba siku niliyozaliwa baba alinipakata kutwa nzima, wauguzi wakashindwa kuninyang'anya. Jumanne, siku ya kazi! Sikuwahi kujiuliza alipata wapi nafasi hiyo.

Utepe sikupata. Virgil alifika na trela kabla pai haijapoa.

Jumapili, 15 Agosti

Mgongo. Marlys hakunigombeza. Amenikanda kwa dawa ya moto, akaniambia Mungu hajaniacha, ila nimpe ufunguo wa gereji. Nimempa. Pale gari liliposimama pamebaki doa la oili. Nimekataza lisifutwe.

Virgil ameshanunua zambarau.

Alhamisi, 19 Agosti

Bwana ni mwema! Bi Wilma amenipigia simu. Kasema alipoona sura yangu siku ile pai ilimshinda kumeza. Ghalani kwake kuna Plymouth ya marehemu mumewe, ya mwaka 1969, haijatoka humo tangu mzee azikwe. Anataka mtu wa kuiangalia. Virgil hamtaki, ana kelele. Niende niiwashe mara moja moja, basi, na nisiguse kitu kingine. Nimemwapia.

Nimetoka huko sasa hivi. Nilifungua boneti nikavua kofia. Krayoni ya kweli, ya mkono wa mtu wa kweli! Viti vya kiwandani, rangi ya kiwandani, hata karatasi ya mkaguzi bado imebandikwa kwenye kioo. Hakuna mkono uliopita humo. Nilipiga magoti kwenye nyasi kavu nikamshukuru Mungu kwa machozi.

Ila rangi imefifia vibaya mno. Inatia huruma. Na ile karatasi imekaa kama uchafu.

Ninayo makopo mawili ya rangi nyekundu na msasa haujaisha. Kesho Bi Wilma anakwenda kwa daktari wa meno. Akirudi, maskini, hataamini macho yake.