Saa Saba Mchana Kila Mtu Alale

Jumatatu, 13 Januari

Nina, mjukuu wangu, najua ni wewe. Hakuna mwingine anayefungua droo yangu ya taulo za jikoni na kusoma daftari la mtu. Tangu Pasaka hujatia mguu kwangu Brisbane. Miezi tisa, mwenzio angekuwa ameshazaa. Melbourne si mwezini. Haya, kwa kuwa umeshafungua, keti, ule kitu kwanza, halafu usome. Na mwandiko usinicheke. Shule sikuiona hata paa lake. Marehemu babu yako alinifundisha herufi juu ya meza ya jikoni, kwa penseli ya seremala, huku nikinyonyesha.

Tumefika Gold Coast. Watu watano kwenye nyumba ya kupanga, dakika kumi kutoka bustani ya michezo: mjomba wako Carmelo, mkewe Leanne, Gemma wao wa miaka mitatu, mimi, na Beryl. Beryl ndiye mama yake Leanne. Niliambiwa huenda asije. Amekuja, na kofia yake.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Leanne anarudi kazini wiki ijayo. Gemma atahitaji bibi wa kushinda naye, Jumatatu mpaka Ijumaa. Bibi wawili, mtoto mmoja. Leanne amesema ataamua tukirudi Brisbane, akishaona wiki hii mtoto ametulia na nani. Alisema kwa upole kabisa, huku akikunja nguo. Nikajibu kwa upole kwamba hakuna shida. Shida ipo.

Beryl ametoa ratiba. Ameiandika kwa rangi nne na kuitia plastiki isilowe. Bustani inafunguliwa saa nne, tumo. Inafungwa saa kumi na moja jioni, ndiyo tunatoka. Katikati hakuna kulala. Nikauliza mtoto atalala wapi baada ya chakula. Beryl akasema, "Kwenye kigari chake, mpenzi, akichoka." Kwenye kigari. Kama kabichi la sokoni.

Mtoto hulala kitandani. Saa saba mchana, tumbo limejaa, mapazia yamefungwa. Ndivyo nilivyolea wanne na hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye siasa.

Mpango ni huu. Nimekuja na masanduku mawili ya barafu yaliyojaa chakula. Mtu akishiba kwa mkono wangu, analala. Watu wakilala mchana, mtoto hasumbui jioni. Asiposumbua, Leanne ataona. Akiona, basi.

Jumanne, 14 Januari

Mlangoni kuna mlinzi, mwanamama mwenye mabega ya kubeba magunia. Akafungua sanduku langu. Akasema chakula cha nje hakiingii, isipokuwa cha mtoto mdogo. Nikamwambia chote ni cha mtoto mdogo. Akatazama trei tatu za makaroni ya kuoka. Akatazama biringanya na jibini, na soseji kavu yenye urefu wa mkono. Akamtazama Gemma. "Mama, huyu mtoto anachimba mgodi gani?" Nilimpenda. Hakuruhusu.

Carmelo akarudisha masanduku garini akinung'unika. Nikajifanya nimeumia. Ukweli, nilijua watakataa, jirani alishaniambia. Chakula kikibaki garini, saa sita watu watatoka wenyewe kukifuata.

Wakatoka. Kila anayetoka hupigwa muhuri mgongoni mwa mkono. Wino hauonekani, mpaka mlinzi aumulike kwa taa yake ya zambarau wakati wa kurudi. Bila muhuri huingii tena ndani, hata uwe na tiketi yako mkononi.

Maegesho ya magari, chini ya mkalitusi. Meza ya kukunja, kitambaa cha meza, magodoro mawili ya sponji. Kwarara weupe wakaja, wale ndege wa kufukua mapipa ya taka, nikawafukuza kwa kofia ya Beryl. Beryl alikuwa amebeba sandwichi za jibini. Akala moja kwa heshima. Halafu akala sahani mbili za makaroni bila heshima.

Carmelo alianguka wa kwanza. Leanne wa pili, mdomo wazi. Kila kitu kilikwenda vizuri. Nikasema nafumba macho dakika mbili.

Nikaamka saa tisa na nusu.

Gemma hayupo. Beryl kamrudisha ndani, wamepanda kijitreni mara sita. Leanne akamkumbatia mamake, akasema hajalala mchana hivi tangu ajifungue, asante sana Mama. Yeye ndiye wa kushukuriwa. Makaroni yalijipika.

Gemma amezungumza njia nzima. Ijumaa saa tisa alasiri kuna gwaride. Mfalme Koala, mtu aliyevaa vazi la yule mnyama wa huku kama dubu mdogo, atapita na ngoma, atakumbatia watoto mmoja mmoja. Ameniuliza mara kumi na moja Ijumaa ni lini.

Jumatano, 15 Januari

Mpango mpya. Wa kulazwa si mtoto, ni Beryl. Mtoto atafuata.

Nikachemsha chai ya maua ya kamomili tangu asubuhi, kali, na asali. Chupa nzima. Baada ya chakula nikammiminia Beryl kikombe. Akasifu. Nikaongeza. Carmelo na Leanne walishalala. Nikasubiri Beryl naye aanze kunesa kichwa.

Badala ya kichwa, mdomo ukafunguka. Akaniambia tangu mumewe Clive afariki, miaka minne sasa, halali mchana. Akilala mchana huamka akidhani ni asubuhi. Humsikia Clive jikoni akitafuta miwani yake. Halafu anakumbuka upya. "Afadhali nikae macho, Rosaria. Kukumbuka mara moja kwa siku kunanitosha."

Nikammenyea pichi, nikamkatia vipande, nikamwambia ale, amekonda. Nilimhurumia kwa dhati, robo saa nzima.

Kisha nikatazama. Gemma alikuwa amepanda mapajani mwa Beryl katikati ya hadithi na kulala fofofo. Leanne akaamka wakati huohuo. Akapiga picha. Chai yangu, pichi langu, mtoto kwa Beryl.

Nikalala kwa hasira.

Alhamisi, 16 Januari

Mvua ya radi tangu asubuhi. Bembea zote zimefungwa. Tukabaki nyumbani, nikasema ndani ya moyo, hii ni yangu. Supu ya dengu, mkate, mapazia.

Beryl alikuja na karata. Gemma akacheza karata saa tatu mfululizo, hakuna aliyefumba jicho. Mimi tu.

Jioni Leanne alinifuata jikoni. Akauliza kama ninalala hivi kila siku. Nikasema kila siku, tangu nipate akili. Akauliza nikiwa na Gemma peke yetu, nani atamwangalia. Nikamwambia yeye naye atakuwa amelala. Akauliza, "Na akiamka kabla yako, Mama?"

Nikamwambia aonje supu kama chumvi imetosha. Aliondoka na kijiko mkononi, hakujibiwa.

Ijumaa, 17 Januari

Siku ya mwisho. Siku ya gwaride. Gemma alivaa gauni la manjano saa kumi na moja alfajiri na kukataa kukaa, lisije likakunjika.

Ijumaa nyama hailiwi kwetu Wakatoliki. Kwa hiyo saa sita, kwenye maegesho, nikawasha jiko la gesi na kukaanga samaki wadogo. Wazima, na vichwa, wa kula kwa mikono. Familia ya gari la jirani ilisogeza viti ituangalie. Wakapewa na wao. Beryl alikula wake kwa uma, kama anapasua mgonjwa.

Tukapumzika kidogo. Gemma hakulala, alikuwa anatazama saa ya baba yake ingawa hajui kuisoma. Saa nane na nusu nikasema hakuna mwanangu atakayekumbatiwa na mfalme akinuka samaki. Nikatoa limau na chumvi ya mawe. Nikawasugua wote kama nilivyosugua watu maisha yangu yote, viganja, migongo ya mikono, mpaka kwenye viwiko. Carmelo alinyoosha mikono bila hata kuamka vizuri, amezoea tangu mdogo. Leanne alinyoosha kwa sababu ameolewa kwetu. Gemma. Mimi. Beryl akasema asante, mikono yake haijagusa samaki.

Mlangoni mlinzi wangu wa mabega akawasha taa ya zambarau. Mkono wa Carmelo. Hakuna kitu. Leanne, hakuna. Gemma, mkono mweupe kama sahani. Wangu vilevile. Akamulika wa Beryl. Hapo kikawaka kijikoala cha zambarau, kimekaa kinacheka.

Mlinzi akanusa. "Mnanukia saladi."

Nikamweleza. Nikamweleza tena kwa sauti. Akasema anasikitika, sheria ni sheria, na kila siku kuna watu kumi wanaomwambia muhuri umefutika. Nikamwonyesha limau lenyewe. Akasema anaamini, lakini limau si muhuri.

Nyuma ya ukuta ngoma zikaanza.

Gemma hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama na gauni lake la manjano, akaninyooshea mkono, akasema, "Bibi, urudishe muhuri wangu."

Carmelo akasema nimefanya makusudi, wiki nzima nimekuwa nikitafuta njia ya kuwalaza. Nikamwambia wiki nzima ndiyo, leo hapana. Ilikuwa kweli na hakuna aliyeniamini. Leanne aliangalia pembeni. Hapo nikajua nimempoteza mtoto.

Mlinzi akamwambia Beryl yeye anaweza kuingia. Beryl akautazama mkono wake. Kisha akaniambia, "Hebu nipe hilo limau." Akajisugua palepale, mbele ya taa, mpaka koala akafifia na kuisha. Akamshika Gemma mkono. "Tutafanya gwaride letu," akasema. "Mfalme tunaye, tazama umbo la Bibi Rosaria."

Neno lile nisingemsamehe siku nyingine.

Nyumbani nilivaa chujio la makaroni kichwani. Beryl alipiga trei kwa mwiko. Tukazunguka baraza mara saba, watu wa ghorofa ya juu wakatupungia mikono. Nilimkumbatia kila mtu aliyepita, hata mtu aliyeleta barua. Gemma alicheka mpaka akakaa chini na gauni lake. Mara ya nane hakuinuka. Nikambeba kitandani, nikafunga mapazia, saa kumi alasiri, si wakati wa kulala Mkristo. Nyumba nzima ikalala.

Beryl hakulala. Aliketi kwenye kiti cha dirishani.

Gemma aliamka kabla yetu sote. Mimi sikusikia hata mguu. Leanne anasema alipotoka chumbani aliwakuta wawili wanakula pichi na kunong'ona, wasiniamshe.

Jumapili, 19 Januari

Tuko Brisbane. Leanne alikuja baada ya misa, yeye na Carmelo, wakakaa jikoni. Kitambaa cha meza kilikuwa safi, moyo wangu ukigonga kama wa msichana.

Amesema ameamua. Gemma atakuwa hapa kwangu, siku zote tano. Nikaanza kulia. Akaniambia nisubiri amalize. Beryl naye atakuwa hapa, kila siku, tangu asubuhi. Mmoja anajua kulaza mtoto, mwingine anajua kukaa macho. Akasema Ijumaa aliona kwamba anahitaji vyote viwili, na akatuona na trei na chujio, akajua tutawezana.

Carmelo akaomba radhi kwa ile ya muhuri. Nikamsamehe, nikampa biringanya aende nazo.

Nina, mimi nimeridhika. Nyumba yangu, jiko langu, mtoto yuko kwangu. Nimeshafua mapazia. Nimempa Beryl kulabu yake ya kutundika kofia. Akifika kesho nitamlisha, yule mwanamke amekuwa mifupa tupu, na miaka minne bila usingizi wa mchana si maisha. Akiamka amlilie Clive wake, nitakuwepo, nitamshika mkono, atakumbuka akiwa na mtu. Atazoea.

Na nimefikiri jambo moja. Leanne anamtaka Beryl kwa sababu Beryl anakaa macho. Sasa Beryl akianza kulala, atakuwa na kazi gani? Atakuwa mgeni tu. Mgeni mzuri, namkaribisha, aje hata kila siku. Lakini bibi wa kushinda na mtoto atakuwa mmoja. Sioni kasoro kwenye mpango huu. Nimeugeuza kila upande.

Kwa hiyo ukija, usije mwisho wa wiki. Njoo siku ya kazi, saa sita kamili, na njaa. Ukae wewe kwenye kiti changu cha dirishani, yeye umwachie kochi. Sahani yake isikauke, kikombe kisikauke. Muulize habari za Clive, polepole, sauti ya chini, na umsikilize vizuri, anastahili. Na mara tu akifumba macho, njoo chumbani uniamshe nikaone.