Bukari kwa Wageni wa Liège

Jumapili, 7 Aprili 2013

Tumefungwa tena. Quarante-deux à zéro, arobaini na mbili kwa sifuri. Nasema "tumefungwa" kwa sababu mimi ndiye ninayefungua vyumba vya kubadilishia nguo hapa chuoni Woluwe, huku Ulaya, na bila funguo za Ngoy huyu hakuna timu. Futboli ya Kimarekani. Mpira una umbo la yai, vijana wanavaa kofia ngumu kama wachimba shaba wa kwetu Likasi. Tofauti ni kwamba wale wanarudi na kitu.

Msimu mzima hatujashinda hata mara moja. Leo kocha Bertin katangaza: tukipoteza Jumamosi pia, chuo kinavunja timu. Mpwa wangu Anaclet, mchezaji wetu wa mstari wa mbele, akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nikamwambia asiogope, mjomba wake, tonton, yupo. Mtu niliyeishi Lusaka, Athens na Paris (wiki mbili, lakini Paris). Hakuonekana kutulia.

Jumatano, 10 Aprili

Nimepata. Wapinzani wetu wa Jumamosi, wageni wa Liège, wanakuja kwa basi, watashuka na njaa. Tutawapokea kwa bukari, ugali wa mke wangu Alphonsine, sombe ya majani ya muhogo na makayabo, samaki wa chumvi. Mtu akishakula ile hakimbii. Mimi mwenyewe niliila mara moja, nikaoa. Wao watasinzia, sisi tutashinda. Sayansi tupu.

Bertin nimemwambia ni ukarimu wa kwetu. Akanishukuru, macho yamemlowa. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Alphonsine sikumwambia shabaha. Anaomba Mungu sana, angeharibu.

Ijumaa, 12 Aprili

Alphonsine kaleta unga kutoka maduka ya Matonge, sufuria kaazima kwa mama wa kwaya. Jirani wa juu kashuka kulalamikia harufu ya makayabo. Kaondoka na sahani.

Anaclet kapiga simu: "Tonton, kesho usifanye kitu, nakuomba, pardon." Nikamjibu mimi sifanyi kitu, napika tu.

Jumamosi, 13 Aprili

Bon. Wageni walikuwa wameshakula sandwichi ndani ya basi. Wakachota kidogo kidogo, kwa adabu. Hapo bado ningeokoa mambo. Lakini Alphonsine akageuka, akaona vijana wetu wamesimama mikono mitupu.

"Ngoy, hawa batoto ni ba nani?"

Nikasema ni ba kwetu, watakula kesho.

"Mugeni hakulaka peke yake. Hauna haya?"

Akaanza kupanga viti. Nikamvuta kando, nikamnong'oneza wetu wasile. Akaniuliza kama baridi ya Ulaya imeniingia kichwani.

Wetu wakakaa. Wanafunzi hawa, watu wa kula tambi kavu mwezi mzima. Wakala, wakaongeza, kisha kwa heshima kubwa wakawasaidia wageni kumaliza yao.

Uwanjani beki wetu alilala chini kabla ya kuguswa. Mara moja tu Anaclet alipata mpira, mbele yake hakuna mtu, ni kukimbia hadi mwisho. Alikimbia kidogo. Akasimama, akashika tumbo, akamkabidhi mpira kijana wa Liège, polepole, kama anayempa mtoto wa kubatizwa.

Soixante-trois à zéro. Sitini na tatu kwa sifuri.

Jumatatu, 15 Aprili

Timu imevunjwa. Bertin katuambia mwenyewe, amesimama, kofia mkononi.

Jioni kengele ya nyumba yetu, mtaa wa Forest, ikalia. Anaclet, na nyuma yake timu nzima imejaa ngazi. Wakamuuliza Maman Alphonsine kama kuna kilichobaki. Akawasha jiko. Niliwahudumia mimi. Wengine walikula wamevaa fulana za timu ambayo haipo tena, na mimi nikazidi kuwaongezea sombe.

Anaclet akanawa mikono, akanitazama. "Tonton, ahidi hautasaidia tena timu yetu."

Nikaahidi, mkono juu ya Biblia ya Alphonsine. Na mimi ahadi natunza. Timu yao sitaigusa.

Wasichana wa mpira wa wavu nao wanafungwa kila wiki. Jumamosi wanapokea wageni wa Namur. Unga nimeshaagiza. Kosa letu nimeliona, lilikuwa viti: wetu walipata pa kukaa.

Safari hii wageni watakula wamesimama.