Mwandishi wa "Karata Bila Machozi"

Jumanne, 1 Machi 1983
Kitabu changu kimetoka! "Karata Bila Machozi", kurasa kumi na mbili, nakala hamsini za mashine ya roneo. Jalada lina picha yangu nimevaa tai. (Tai ya mteja. Ataichukua pamoja na suti yake.) Nimezipanga juu ya cherehani, mbele ya duka, mtaa mzima wa Biryogo uone. Swafiya, mke wangu, kauliza ni nani hasa niliyewahi kumshinda. Swali la mtu asiyesoma vitabu.

Alhamisi, 3 Machi
Mnunuzi mmoja. Twagirayezu, fundi redio wa ng'ambo ya barabara! Hajawahi kushika karata. Anasoma kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Kutwa nzima yuko ukurasa wa nne: ukipata karata mbaya, piga mluzi, mwenzako aogope ajitoe. Alasiri akavuka kuniuliza kwa adabu, "Mwalimu, wewe mwenyewe unayafuata haya?" Neno kwa neno, nikamwambia. Akashukuru, akarudi kwenye nyaya zake. Kichwa kama gogo.

Ijumaa, 4 Machi
Wengine hawanunui. Eti kwanza wamwone mwandishi akishinda. Washamba! Basi Jumapili nacheza na Twagirayezu, mgahawani kwa Mukashema, hadharani. Yeye anaweka dau redio yake kubwa, mimi cherehani. Swafiya kanikumbusha kuwa cherehani ni ya marehemu baba yake. Nimemtuliza: haiendi popote, ni ya kuonyesha tu.

Jumapili, 6 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.
Karata tatu kila mtu, maharage kumi kila mtu, anayeishiwa maharage kashindwa. Nikapata karata mbaya, nikapiga mluzi. Hakuogopa hata kidogo, akaongeza maharage! Nikapata nzuri, nikajikuna sikio kama ninavyoshauri ukurasa wa saba, ili adhani nina wasiwasi. Akajitoa papo hapo! Ikawa hivyo hivyo mpaka mwisho. Mukashema alicheka hadi birika likamponyoka. Ndipo nikakiona kitabu changu, kimefunguliwa juu ya goti la yule fundi. Mwizi wa elimu! Cherehani imevushwa barabara mchana kweupe, watu wakipiga makofi.

Jumatatu, 7 Machi
Swafiya hakupiga kelele. Heri angepiga. Alivaa kitenge chake cha sikukuu, akaenda kwa Twagirayezu, akarudi na cherehani begani mwa mchukuzi. Yule fundi kamkabidhi mbele ya majirani, akisema, "Dada, hii ni ya kwako. Si ya mwalimu." Huruma ya mtu asiye na akili.
Kisha Swafiya akanigeukia. "Baba Zuhura, ukiigusa bila ruhusa yangu, utashona kwa meno."
Leo nimeshona vifungo kwa mkono, nyuma ya mlango. Macho yalikuwa yanawasha. Vumbi la kitambaa.

Jumatano, 9 Machi
Mjinga mimi! Nimewaza siku mbili bila kuona lililo wazi. Twagirayezu, asiyejua hata shupaza ni nini, kakisoma kitabu changu siku tatu tu, kashinda. Kamshinda nani? Bingwa mwenyewe! Ushahidi gani tena unatakiwa? Toleo la pili, nakala mia, jaladani: "Kimethibitishwa hadharani." Sasa anahitajika shahidi wa pili. Nimemwalika mume wa Mukashema akisome, tucheze Jumapili, pale pale.
Dau? Cherehani nimekatazwa. Pasi ya mkaa hakuitaja mtu.