Miaka Miwili ya Kuchagua Mashine ya Gemu

Mheshimiwa sana Mama Matsu, mungu mlinzi wa mabaharia, ambaye hekalu lake limetuazima uwanja huu pamoja na vipaza sauti. Mheshimiwa Diwani, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma shada la maua kubwa kuliko yeye mwenyewe. Mheshimiwa Msaidizi wa Diwani, aliyelibeba shada hilo kwa pikipiki. Ndugu wajumbe wa Kamati Teule ya Uteuzi wa Mashine ya Gemu, wa kudumu, wa muda na wa heshima. Kina mama wa kikundi cha mazoezi ya asubuhi. Wafanyabiashara wa soko la samaki. Na wewe, Bi Chiu Kim-eng, muuza supu wetu maarufu, ambaye naona umekuja na mwiko mkononi: karibu sana, ila mwiko tafadhali uweke chini.

(Kicheko. Mwiko hauwekwi chini.)

Mimi Kuo Bing-huang, Mwenyekiti wenu wa Mtaa wa Haiwei kwa awamu ya tatu mfululizo, nimesimama mbele yenu katika siku hii adhimu, ya kihistoria na yenye jua kali kama kawaida ya mji wetu wa Tainan, ili kutoa taarifa ya utekelezaji wa ule mradi mama, mradi wa kimkakati, mradi shirikishi na endelevu, unaoitwa Mashine ya Gemu kwa Afya na Ustawi wa Wazee.

(Makofi kutoka kwa wajumbe wa kamati.)

Ndugu wananchi, mradi haukuanguka kutoka mawinguni. Wote mnamfahamu Mzee Liao Tien-lai, yule pale kwenye kivuli, aliyeendesha basi la bandarini miaka thelathini na moja bila kugonga hata pikipiki moja, jambo ambalo katika mji huu ni karama. Miaka miwili iliyopita, wiki ya sikukuu ya mbalamwezi, Mzee Liao alikuwa amekaa barazani anamenya balungi, mara balungi likamdondoka. Akaliokota, likadondoka tena. Ilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa na akili timamu na ulimi mkali vilevile, lakini mkono wa kulia ukawa unaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa.

(Mzee Liao: "Sema tu mkono ulikufa, Mwenyekiti, tusonge mbele!" Kicheko.)

Asante, Mzee. Basi mjukuu wake, Pei-yu, akaja ofisini kwangu. Nanukuu kumbukumbu za kikao: "Mwenyekiti, babu hataki mazoezi. Anasema kunyanyua mkono mara ishirini mbele ya ukuta ni kazi ya mwehu. Ila kule hospitali walimpa gemu ya kurusha tufe na kuangusha pini, vile vigingi vya kwenye skrini, akacheza mpaka wakamwondoa kwa nguvu. Ukumbi wetu wa wazee una televisheni. Tutafutie mashine moja tu, ya aina yoyote."

Ya aina yoyote! Ndugu zangu, ofisi ya umma hainunui kitu cha aina yoyote. Ofisi ya umma hufanya upembuzi yakinifu. Siku ileile niliunda kamati ya watu kumi na mmoja, nayo, kwa kasi ya ajabu, ndani ya miezi mitano tu ikakubaliana juu ya rangi ya mafaili.

Kisha likaja suala zito la uteuzi wenyewe. Utafiti wetu ulibaini kwamba sokoni kuna mashine za makundi matatu. Kuna ile nyeusi, kubwa kama sufuria ya kupikia wali wa harusi, yenye picha safi kiasi kwamba mjumbe wetu Bwana Hsieh alipoona mvua ndani yake alifungua mwavuli. Kuna ile ya kushika mkononi, unayoweza kwenda nayo sokoni au hata msalani. Na kuna ile nyeupe ya zamani kidogo, ambayo unaitikisa pedi yake ya kuchezea hewani kama unafukuza nzi. Kamati iligawanyika. Wenye wajukuu wavulana walitaka nyeusi. Wanaosafiri walitaka ya mkononi. Nyeupe haikupata hata kura moja, kwa sababu ilionekana haina hadhi ya mtaa.

(Sauti ya mama kutoka nyuma: "Na wazee mliwauliza lini?")

Wazee waliwakilishwa kitakwimu, Mama. Asilimia themanini na tatu ya wadau walisema wameridhika na mchakato, na asilimia kumi na saba iliyobaki ni Bwana Hsieh na mwavuli wake. Isitoshe, tulifanya ziara ya mafunzo mji mkuu, Taipei, siku tatu, tukatembelea maduka manne ya gemu na migahawa tisa ya tambi za nyama ya ng'ombe. Mimi binafsi, kwa niaba yenu, nilijitolea kuijaribu ile nyeusi kwa saa arobaini na sita, nikaokoa ufalme mmoja na kuoa mabinti wa mfalme wawili, na sijadai posho.

(Bi Kim-eng: "Kwenye zile tambi, tumbo ndilo lililojitolea!" Kicheko kirefu.)

Sasa, ndugu wananchi, naomba utulivu, maana nafika kwenye changamoto. Wakati kamati ikiwa katika hatua nyeti ya kuandaa vigezo vya kuandaa vigezo, mwananchi mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa ameshika mwiko, alifanya kitendo kisicho na mfano katika historia ya ununuzi wa umma. Aliona Mzee Liao amekuja kunywa supu, amejaribu kushika kijiko kwa mkono wa kulia, supu yote ikaishia kwenye suruali, na mzee yule, aliyekuwa akituchekesha wote, akainuka akaondoka. Mwananchi huyo akazima jiko. Akaenda na aproni yake mpaka duka la vitu vilivyotumika, pale nyuma ya soko. Hakuuliza habari za picha. Hakuomba kipeperushi. Alimuuliza muuzaji swali moja tu: "Mwanangu, ipi kati ya hizi mtu mwenye mkono mbovu anaweza kuicheza?" Muuzaji akamwonyesha ile nyeupe. Dakika kumi! Kazi ya miezi ishirini na mbili ya kamati yangu, dakika kumi!

(Vifijo. Wanaopiga kelele zaidi ni kina mama wa mazoezi ya asubuhi.)

Tangu hapo, kila alasiri supu ikishaisha, wazee wanajazana sebuleni kwake. Nilipita pale kufanya ukaguzi wa kushtukiza. Nikamkuta Mzee Liao amesimama, pedi imefungwa kwenye kiganja kwa kitambaa, jasho linamtoka, anautupa mkono ule mbele, unafika kiunoni, anatukana, anautupa tena, unafika kifuani. Pini zote kumi zikaanguka. Wazee wakapiga kelele kama wameshinda bahati nasibu. Nami, ndugu zangu, nilisimama pale mlangoni na daftari langu la ukaguzi, nikalifunga.



Kwa hiyo basi, ofisi yangu inayatambua rasmi mafanikio hayo kama Awamu Sifuri ya mradi wetu. Na leo natangaza kwamba Awamu ya Kwanza, yaani mashine ya mtaa yenyewe...

(Mzee Liao: "Iko wapi, Mwenyekiti?" Umati: "Iko wapi? Iko wapi?")

Iko... katika hatua za mwisho. Semeni nami: Haiwei mbele!

(Wajumbe wa kamati: "Mbele!")

Gemu kwa wote!

(Mjumbe mmoja: "Kwa wote!")

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wanakamati kwa vikao sitini na vinne. Namshukuru Msaidizi wa Diwani kwa kulishika shada muda wote huu. Na namshukuru kwa namna ya pekee karani wa ofisi yetu, Bi Shu-fen, ambaye amepanda jukwaani sasa hivi kuninong'oneza kwamba fomu ya maombi ya mashine... kwamba fomu haijawahi kutumwa wilayani... kwamba imo kwenye droo tangu siku Pei-yu alipokuja, kwa kuwa katika nafasi iliyoandikwa "aina ya mashine" hatukujaza kitu. Asante sana, Shu-fen. Ungeweza kuninong'oneza mbali kidogo na kipaza sauti.

(Kicheko hakikomi. Bwana Hsieh amejificha nyuma ya shada.)

Basi, ndugu wananchi... hotuba ina kurasa nne zaidi, naziweka mfukoni. Bi Kim-eng, nakuomba, si kama Mwenyekiti: leo alasiri, baada ya Mzee Liao, naweza kupata zamu moja?

(Bi Kim-eng, akiwa ameshaanza kuondoka: "Njoo. Ila utaanza na kuosha vyombo, viko sitini!")