Kasri la Zimwi na Wakwe wa Kabuchai

Kitale nzima hakukuwa na mtu ambaye maneno ya Ndirangu hayakumlainisha, isipokuwa mzee Kipkosgei, baba wa mchumba wake, Linah. Mzee alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema ng'ombe wawili, ama asahau kabisa mambo ya harusi. Ndirangu alikuwa na mmoja tu, mtamba mwekundu. Na Ndirangu alimpenda Linah kweli, hilo tusimwonee.

Mtamba huyo alimfunga nje ya mji, kwenye gofu la nyumba ya mlowezi wa zamani: kuta za mawe, mnara wa duara, paa hakuna, majani tele. Siku moja akawasikia kina mama wawili wakipita njiani wakitaniana, ati hapo ndipo lile zimwi la hadithi lilimfungia msichana mnarani, mpaka kijana shujaa akaja kumwokoa. Wao walicheka wakaenda zao. Ndirangu hakucheka. Alikuwa ameshamwona ng'ombe wa pili.

Tangazo likazunguka kwenye simu hadi Bungoma: njoo uone kasri la zimwi, kiingilio kuku mmoja, urudi na jiwe la mnara. Jiwe hilo ukiliweka kwenye kiota, kuku anataga asubuhi na jioni. Jumamosi, lori zima la kina mama wa Kabuchai, kule Bungoma, likafika, mbele yao Mama Edinah, mnene, mcheshi, kuku kwapani.

"Karibuni, mama zangu! Zimwi lilikuwa linalala hapa. Msichana alifungiwa kule juu."

"Woi, maskini!" wakasema, huku macho yakichagua mawe makubwa makubwa.

"Na huyu ng'ombe?" akauliza Edinah.

"Huyo ni wa ukoo, mama. Damu ya ng'ombe wa zimwi lenyewe."

"Haki ya Mungu! Na msichana alikuwa wa wapi?"

Hapa mtu mwenye akili timamu angesema Mombasa, ama mwezini. Lakini mfanyabiashara hupenda kumfurahisha mteja.

"Si alikuwa wa kwenu, Kabuchai!"

Vigelegele! Kuku wakaanza kutolewa kwa furaha.

"Akaolewa na nani?"

"Na huyo kijana aliyemwokoa. Babu ya babu yangu, bana. Ndiyo maana kasri ni langu."

Vigelegele vikakatika. Mama Edinah akarudisha kuku wake kwapani, akajifunika leso, akamgeuzia mgongo. Wenzake wote wakageuka vilevile, kwa maana mama mkwe hatazamani na mkwe wake usoni. Ndirangu akabaki anaongea na migongo.

"Mkwe," Edinah akauambia ukuta, "hiyo hadithi tunaijua tangu tukiwa watoto. Zimwi liliuawa, msichana akaolewa. Lakini mahari? Kuna mtu amewahi kusikia ikilipwa?"

"Hakuna!" migongo ikajibu.

"Lakini mama, hiyo ni zamani sana..."

"Kwetu haifutwi. Babu asipolipa, mjukuu analipa. Ama wewe si mjukuu? Sema tu, mkwe. Kama umetudanganya, tutapitia kituo cha polisi, si kiko njiani?"

Ndirangu akafungua mdomo. Mdomo ule uliowahi kumuuzia kipofu miwani ya kusomea ukaanza kuhesabu hasara. Akikubali, ng'ombe ameenda. Akikataa, yeye ameenda.

"Mimi ni mjukuu," akanong'ona.

"Ng'ombe wa ukoo, umesema mwenyewe. Mungu akubariki."

Mtamba akapandishwa lorini kwa nyimbo za harusi. Kuku nao wakarudi, kwa sababu ni mkwe gani huyo wa kulipisha mama wakwe mlangoni? Wakamwachia jogoo mmoja, mwembamba, asije akalala njaa. Mawe hawakuyasahau. Lori lilipokata kona, Ndirangu alimwona Mama Edinah akimtazama usoni bila haya yoyote, akicheka hadi leso ikaanguka.

Simu ikalia. Linah.

"Ndirangu! Mzee amelegea, siamini! Amesema huyo mmoja anatosha. Ati umlete leo kabla hajabadilisha mawazo!"

Ndirangu akakaa chini kwenye majani. Machozi yalimlengalenga, ya kweli kabisa. Jogoo akawika.

"Linah mpenzi," akasema, "hebu niambie, mzee hupenda kuku?"