Yah: Isale Alilolipeleka Scola Bila Idhini Yangu

Kirua Vunjo,
6 Januari 1997

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Wazazi wa Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo.

Mama Yuditha, shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Melkior, baba wa Scola, yule binti mkubwa anayekaa mstari wa mbele kwenye mikutano yenu na kupiga makofi kabla hotuba haijaisha. Kwa heshima zote, nalalamika. Mmemharibu mtoto wangu, na kupitia kwake mmeharibu ugomvi wangu na kaka yangu Filemon, ugomvi niliokuwa nimeutunza vizuri tangu alipong'oa kahawa, akapanda nyanya, na nyanya zake zikavuka mpaka wa kihamba changu, shamba la urithi wetu. Malalamiko ni haya:

1. Zamani wageni wakija Scola alikaa jikoni. Mkaja ninyi, mkasema si vizuri, atoke, asalimie watu. Akatoka. Sasa anasalimia kila mtu kutoka kanisani hadi kwetu, na haondoki mpaka aitikiwe marahaba na aambiwe ng'ombe wanaendeleaje. Jumapili chakula kinapoa.

2. Mlimfundisha kwamba watu wakikosana waombane radhi. Hamkumwambia kwamba hilo ni somo la darasani tu. Siku ya pili ya Krismasi alikata isale, lile jani letu la kuombea msamaha, kwenye mpaka, tena palepale penye ugomvi, akalipiga fundo kama alivyokuwa akimwona bibi yake akifanya, akampelekea Filemon. Mama, wewe ni Mchagga mwenzangu. Unajua isale likishafika mlangoni kwa mtu hawezi kulikataa, na nyumba iliyolitoa ndiyo imekiri kosa. Filemon alilia. Kisha akaniletea pombe ya mbege na mguu wa mbuzi, kwamba amenisamehe. Mimi! Mguu tumeula, maana nyama haina kosa, lakini moyo unaniuma.

3. Nilikwenda kwa wazee wa ukoo kueleza kwamba isale lile ni batili, kwa kuwa aliyelipeleka hajui maana yake. Mzee Augustino akanikumbusha kwamba mwezi wa tisa nilisimama kwenye mkutano wa kijiji, nikagonga meza, nikasema atakayemwita Scola taahira tena atanitambua, kwa kuwa binti yangu ana akili zake na neno lake lihesabiwe kama la mtu mwingine yeyote. Ni kweli nilisema, na nilimaanisha. Lakini nani alinisimamisha pale, Mama, kama si ninyi?

Kwa hiyo naomba hivi. Jumamosi wazee wanakaa kuamua. Niandikieni cheti chenye muhuri kwamba Scola hajui afanyalo. Cha siku moja tu. Isale likishabatilishwa, Jumapili mumrudishie akili zake kabla ya misa ya kwanza, maana amechaguliwa kupeleka vipaji altareni na sitaki mtu aanze tena kusema hawezi. Akinyang'anywa nafasi hiyo sijui nitamtazamaje usoni. Nampenda mtoto huyu kuliko mpaka, ila mpaka nao naupenda.

Nisalimie wazazi wote wa kikundi, na binti yako Odilia, ambaye Scola anamwahidi ndizi mbivu kila siku bila kuniuliza mimi mwenye mgomba.

Ndimi mzazi mwenzenu katika masikitiko,
Melkior

N.B. Nilichelewa kuituma barua hii, na Jumamosi imepita. Wazee hawakuningoja mimi na cheti changu, walimwuliza Scola mwenyewe. Je, alijua isale ni nini? Akasema alijua. Sasa anaomba radhi kwa kosa gani? Akasema yeye hana kosa, ila baba na baba mkubwa wanataka kusalimiana na hawajui pa kuanzia. Filemon alitazama viatu vyake, nami nikatazama vyangu. Halafu, Mama, nilimpa kaka yangu shikamoo, naye akaitikia.

Cheti bado tunakihitaji, ila jina la Scola liondoeni. Andikeni la Melkior na la Filemon, na muda wake mkadirie wenyewe.